Nilimwandikia mtoto "anasikia" kwenye fomu kule Kakuma, kumbe hasikii

Wakuu, ejok.

Hiyo ni salamu ya kwetu Turkana. Mkijibu semeni "ejok noi", tutakuwa tumeelewana.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu kama mwendawazimu, nabonyeza like, naenda zangu. Leo ndiyo mara ya kwanza naandika kirefu. Mnivumilie na Kiswahili changu, huku tunakiongea vile kinatoka.

Kuhusu ukweli: mtu akitunga hadithi yake mwenyewe anajitungia ya kushinda. Hii yangu nimeshindwa mwanzo mpaka mwisho, kwa hivyo sina faida ya kudanganya. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni habari ya mtoto mmoja wa kike, nitamwita Zawadi. Kazi yangu ilikuwa kufundisha walezi wa vituo vya watoto wadogo jinsi ya kugundua mapema kama mtoto ana shida: anaona? anasikia? anatembea kulingana na miaka yake? anaongea?

Zawadi alikuwa hasikii. Mimi nikaandika anasikia vizuri sana.

Na yale maandishi yangu yakaenda nyumbani kwao, yakamfanyia kitu ambacho sikuwahi kufikiria karatasi inaweza kumfanyia mtoto.

Tuanze.

Mwaka 2012 nilikuwa Lodwar na D plus yangu ya Form Four, sina chuo, nasaidia nursery moja iliyokuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Kuwapangusa kamasi, kuwaimbisha, kuwatenganisha wakiumana. Nilikuwa naipenda hiyo kazi, wacha tu. Nilikuwa na daftari nimechora nursery yangu ya baadaye: ukuta wa manjano, bembea za matairi, na choo kidogo cha saizi ya mtoto ndiyo asiogope kutumbukia. Watu walikuwa wananicheka na hilo la choo.

Basi kukaja project. Walitaka mtu anayejua Kiturkana na Kiswahili, anayezoeana na watoto, na ambaye hataogopa Kakuma na vumbi yake. Nikapita. Nadhani nilipita kwa sababu nilicheka interview yote.

Aliyetufundisha nitamwita Sista Nekesa. Muuguzi, mtu wa Bungoma, ameishi Lodwar miaka mingi mpaka joto ndilo limemzoea yeye. Mama mkali lakini akikupenda anakuita kwa jina la kwanza na kukuongezea chai.

Training ilikuwa ya wiki moja. Walezi walitoka mjini Lodwar na wengine kambini Kakuma. Tulikuwa na fomu imepangwa kwa umri, kila umri na maswali yake.

Hapo kidogo tucheke. Swali moja lilisema: mtoto anaweza kupanda ngazi akishikwa mkono?

Mlezi mmoja wa Lodwar akainua mkono. "Sista, ngazi gani? Huku ngazi iko benki peke yake. Tupeleke watoto wote benki?"

Ukumbi mzima chini kwa kicheko. Tukakubaliana tutumie jiwe kubwa la kukalia. Na zile blocks za kupanga moja juu ya nyingine, tukatumia viberiti vitupu. Sista akafurahi. Akasema fomu ni ya kuvaliwa kama nguo, unaipunguza mahali inakubana.

Nililishika hilo neno sana. Labda nililishika kupita kiasi.

Kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja Sista alikataa kabisa kipunguzwe. Alikuwa akitusimamisha tukiimbe kama darasa la pili: mtoto mmoja, mlezi mmoja, mahali patulivu.

Na kwa masikio akatuonyesha yeye mwenyewe. Mtoto akae kwa mama yake, anachezea kitu. Wewe unasimama nyuma, hatua moja. Angalia kivuli chako kisimfikie. Usimguse. Unamwita kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, sawa. Asipogeuka, rudia siku nyingine, halafu mwandikie referral aende kwa daktari.

"Ya macho mama ataona mwenyewe," Sista alisema. "Ya miguu kijiji kizima kitaona. Masikio ndiyo yanajificha. Na ukichelewa, mtoto anakua bila lugha yoyote, si ya mdomo si ya mikono. Hayo ndiyo msinipotezee."

Nikaandika. Nikapigia mstari.

Nikatumwa Kakuma kufuatilia walezi kwenye vituo vyao.

Kituo nilichokipenda zaidi kilikuwa sehemu ya Wakongomani na Warundi. Mabati, ua wa miiba, watoto wengi kama vifaranga. Mlezi mkuu alikuwa mama wa Kirundi, watoto wote wanamwita Tantine Godeliva, yaani shangazi. Mnene, mpole, ana sauti ya kwaya. Mtoto akilia anamtupa mgongoni na kitenge huku anaendelea kufagia.

Siku ya kwanza tulifanya vile Sista alisema. Tukatandika mkeka kando, nyuma ya kituo, tukaanza kuita mtoto mmoja mmoja na mama yake. Mimi na fomu zangu kwenye clipboard.

Mama wa kwanza alikuja anatetemeka.

Wa pili akakataa kuketi.

Wa tatu akamchukua mtoto akaondoka naye haraka, na kabla ya saa nne wamama wengine saba walikuwa wamekuja kuchukua wa kwao.

Nikamuuliza Tantine, kwani nimewakosea nini?

Akanicheka kwa huruma. "Mwalimu, wewe ni wa hapa, huwezi kujua. Kambini ukiitwa peke yako, na mtu ana karatasi, hiyo ni kesi. Wanajua ni ile ya safari."

Wakuu ambao hamjakaa Kakuma: watu wengi pale wanangojea kupelekwa nchi za nje. Wanangoja miaka. Na kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba familia ikiandikwa mtoto mgonjwa, faili yao inawekwa chini kabisa. Sijui kama ni kweli. Sijawahi kujua. Lakini maneno ya kambini hayangoji uyajue.

Kwa hivyo wamama walikuwa wanaficha. Mmoja nilimsikia nyuma ya ua akimfundisha mtoto wake, "Akisema pua iko wapi, shika hapa."

Nilirudi pale nilipokuwa nalala na moyo umeanguka. Nawapenda watoto, na mama zao wananiogopa kama askari.

Ni Tantine Godeliva aliyeleta wazo.

Kuna mchezo wa kwao. Watoto wanakaa mduara, wanaimba. Mmoja anazunguka nje na kitambaa, anakidondosha taratibu nyuma ya mtu. Ukigundua kiko nyuma yako unaruka kumkimbiza. Akasema, kwa nini tusiwapime ndani ya mchezo? Hakuna anayeitwa peke yake. Hakuna mkeka wa kando. Viberiti vipangwe katikati, jiwe la kupanda liwe katikati, mpira upigwe katikati. Na kwa masikio, yeye atazunguka nyuma ya mduara, na badala ya kudondosha kitambaa aite jina. Mtoto akigeuka, mimi natia alama.

Wakuu, nilimkumbatia.

Ilifanya kazi kama uchawi. Wamama walirudi. Walikuwa wanasimama kwenye ua wanapiga makofi na kuimba. Mtoto akikosa kupanga viberiti wenzake wanamsaidia, kila mtu anacheka. Siku mbili nikamaliza fomu zote.

Na bingwa wa ule mduara alikuwa Zawadi.

Alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Mwembamba, macho makubwa, nywele mama yake anamsuka vijiti vinasimama kama antena. Mtoto wa kutabasamu. Haongei sana, lakini watoto wengi wa umri ule pale walikuwa hawaongei sana, lugha ni nyingi mno, Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kifaransa kidogo. Nikaandika "anachanganya lugha, ataongea tu".

Kwenye kitambaa hakuna aliyemweza. Hata wakubwa wake. Kikidondoka nyuma yake amesharuka. Tantine akiita "Zawadi!" ameshageuka na meno yote nje.

Pale kwenye masikio nikatia alama, na kwenye nafasi ya maelezo nikaongeza kwa kalamu yangu: masikio makali kuliko wote.

Sista Nekesa alikuja kututembelea. Akaona mduara. Alitazama mzunguko mmoja, halafu akapiga makofi pamoja na wamama. Training ya marudio Lodwar nikaambiwa niwafundishe walezi wengine. Mtu wa D plus nimesimama mbele, naonyesha. Wakapiga picha. Vituo vingine vikachukua. Walikuwa wanaita mduara wa Akiru, yaani mimi.

Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Miezi ikapita. Siku moja, mwisho wa 2012, mama yake Zawadi akanijia kituoni. Mkongomani wa Kivu, anashona nguo na cherehani ya mkono, mtu wa maneno machache.

"Teacher," akasema, "huyu mutoto mi namuita, hageuki. Namuita tena, hageuki. Naona sawa masikio yake iko na shida."

Wakuu, mama alikuja na miguu yake. Alikuwa na ile hofu ya faili kama wengine wote, na bado akaja kusema.

Mimi nikafungua file. Nikamtolea fomu.

"Mama Zawadi, angalia mwenyewe. Hii alama ni ya kusikia. Na hapa nimeandika masikio makali kuliko wote."

Hakujua kusoma. Aliangalia ile alama tu.

Tantine Godeliva akacheka kutoka jikoni. "Huyu? Bingwa wa kitambaa! Mama Zawadi, huyo ana kichwa kigumu tu. Amerithi kwa baba yake."

Mama Zawadi naye akacheka. Nikaona mabega yake yanashuka. "Kumbe ni bukaidi," akasema. "Mi nilikuwa naogopa bure."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Mimi nikaenda kununua soda baridi nijipongeze, kwa sababu nimemtoa mama hofu.

Mwaka mpya ukaingia, uchaguzi ukakaribia, tukaambiwa tukae Lodwar mpaka upite. Niliporudi Kakuma nikamwona Zawadi ana alama miguuni. Za kijiti. Mpya juu ya za zamani.

Nikamfuata mama yake kwenye cherehani.

Hakuona aibu. Alinijibu kama mwanafunzi anayeonyesha homework. "Namufundisha kusikia, teacher. Wewe ulisema masikio iko muzuri. Sasa nikimuita mara tatu asipokuja, nampiga. Atazoea."

Mnajua mimi nilisema nini?

Nilisema, "Mama Zawadi, usimpige sana."

Usimpige *sana*. Hilo neno najirudishia mpaka leo. Ningesema usimpige, basi. Lakini hata mimi niliamini ni mkaidi. Nilikuwa na karatasi.

Halafu wakaja madaktari wa masikio.

Timu kutoka Nairobi, siku tatu tu Kakuma, na vifaa vya kuwekea watoto masikioni. Kwa sababu siku ni chache hawapimi kila mtu. Wanapima walioandikwa kuwa na shida kwenye screening, yaani zile fomu zetu. Vituo vyangu nikaulizwa majina.

Nikapitia fomu zote, ile safu ya kusikia. Alama, alama, alama. Nikaandika: hakuna.

Sista Nekesa akanipigia simu. "Akiru. Vituo vyote hivyo, hata mtoto mmoja?"

"Hata mmoja, Sista! Watoto wa Kakuma wanasikia kabisa."

Akarudia, "Hata mmoja?" Nikafikiri ni network.

"Haya," akasema. "Mungu ni mwema."

Zile siku tatu turubai ya madaktari ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwa bomba la maji. Mama Zawadi alipanga foleni ya maji pale siku zote tatu, na Zawadi akiwa mgongoni. Niliwaona mimi mwenyewe. Niliwapungia mkono.

Timu ikaenda.

Kama wiki mbili baadaye nilifika kituoni mapema kuliko kawaida. Bodaboda aliyenibeba alikuwa na haraka zake. Watoto walikuwa hawajaja, Tantine ameenda kuchukua uji. Zawadi peke yake ndiye alikuwa ndani, mama yake alimwacha akaenda kupeleka nguo za mteja. Ameketi ananipa mgongo, anachora chini na kijiti.

Nikamwita kwa furaha, "Zawadi! Bingwa!"

Anachora.

Nikaita tena. Nikapiga makofi. Nikadhani ananichezea. Nikachukua sufuria ya uji na mwiko nikagonga, mpaka kuku wa jirani wakaruka ua.

Anachora.

Nikasogea kumshika. Kivuli changu kikamtangulia kikaangukia mchoro wake. Hapo ndipo akageuka, na meno yote nje, akanyoosha mikono nimbebe.

Sijui nilikaa pale chini muda gani na yeye mapajani. Tantine aliporudi alinikuta hapo hapo. Nikamwonyesha. Tukamgeuza, tukaita, tukagonga. Halafu watoto wengine wakaja, nikamwambia Tantine tuwaweke mduara kama kawaida na tucheze, lakini sasa mimi niangalie macho ya Zawadi peke yake.

Hakuwa anasikia kitambaa. Hakuwa anasikia jina.

Alikuwa anaangalia macho ya wenzake waliokaa upande wa pili. Tantine akipita nyuma ya mtu, watoto wa ng'ambo wanamfuata kwa macho. Akisimama, macho yote yanasimama. Yakisimama kwake, Zawadi anageuka.

Yaani mtoto wa miaka miwili alikuwa amejifunza kusikia kwa macho ya watu. Halafu sisi watu wazima, na fomu, na training, na makofi, hatukuona.

Tantine Godeliva alikaa juu ya lile jiwe la kupanda akajifunika uso na kitenge. Alikuwa anasema neno moja la Kirundi tena na tena. Sikumuuliza maana yake.

Nikampigia Sista.

"Ulimpima peke yake?" akaniuliza.

"Hapana, Sista. Kwa mduara."

"Mimi nilisema nini?"

Nikajibu kama mtoto wa shule, nalia. "Mtoto mmoja. Mlezi mmoja. Mahali patulivu."

Nilijua atanigombeza, na kusema ukweli nilitamani anigombeze. Akasema polepole, "Na mimi niliuona huo mduara, Akiru. Nikaupigia makofi."

Akaahidi kufanya anavyoweza. Mimi nikasafiri mpaka Lodwar kuomba watoto wapimwe upya, vituo vyote. Maana kama Zawadi alipita hivyo, wengine je? Ule mduara ulikuwa umefika mbali kuliko mimi mwenyewe nilivyofika.

Nikaambiwa project inafungwa. Ripoti imeshaandikwa. Fomu zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Hawakuwa watu wabaya, nisiseme uongo. Mmoja alinipa maji ya kunywa. Walikuwa wanafunga makaratasi kwenye katoni, na mtu anayefunga katoni hataki uifungue.

Ukutani mwa ile ofisi kulikuwa na picha yetu. Watoto kwenye mduara, wote wanaangalia kamera, mmoja tu anaangalia mbele yake, kwa macho ya mwenzake. Nilikuwa nimeiona hiyo picha mara ngapi sijui. Nilikuwa naona nywele zake zile za antena na kucheka.

Madaktari wa masikio watarudi lini? Hakuna aliyejua. Sista alijaribu darasa la watoto wasiosikia. Wakasema bado mdogo, na waje na karatasi ya daktari wa masikio. Daktari ndiye ameshaenda.

Mimi na Tantine tukarudia kupima wa kituo chetu, mmoja mmoja, kwenye mkeka wa kando, mahali patulivu. Safari hii wamama walikubali, sijui kwa nini, labda waliona sura zetu. Tukapata wawili wengine wa kutiliwa shaka. Nikaandika referral za kupeleka kwa nani, sijui. Nilizikunja nikaziweka.

Bado kumwambia mama yake.

Niliahirisha siku nne. Huo pia ni ukweli wangu, siuruki.

Nilimkuta nje ya nyumba anachambua maharage. Zawadi anacheza mbele yake. Sikuanza na maneno. Nikachukua sinia, nikasimama nyuma ya mtoto, nikagonga kwa kijiko kwa nguvu. Majirani wawili wakatoa vichwa. Mbwa akabweka.

Zawadi aliendelea kupanga mawe yake.

Nikagonga tena. Mama Zawadi akaangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaangalia mtoto. Akaweka ungo chini.

"Ile siku nilisema," akasema.

"Ndiyo, mama. Ulisema."

"Weye ukanionesha karatasi."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kofi. Alianza kuhesabu na vidole, miezi, mmoja mmoja, kuanzia ile siku ya karatasi. Alipofika mwisho akasimama, akaenda kwa ukuta akachomoa kile kijiti kwenye makuti, akakivunja, akavunja tena, mpaka vikawa vipande vidogo vya kuwashia moto.

Zawadi aliona kijiti, akajikunja na kufunika miguu yake kwa mikono.

Mama yake alipiga magoti mbele yake. Akanigeukia mimi.

"Teacher, sasa namuomba musamaha namna gani? Na hasikii?"

Nilisimama pale na sinia mkononi.

Hiyo ilikuwa 2013, katikati ya mwaka. Sasa mwaka unaisha. Project ilishakwenda. Nimerudi Lodwar, nasaidia nursery ya ukumbi wa kanisa. Wiki moja kwa mwezi nikipata lifti naenda Kakuma. Alama za miguu zimepona. Lakini Zawadi haketi tena kwenye mduara, na mtu akiinua mkono hata wa kusalimia, anajikunja.

Daftari ya ukuta wa manjano sijaichora tena. Sisemi nimeiacha. Nasema tu kalamu haiendi.

Wakuu, kama kuna funzo, kwangu ni hili. Mama akija kukuambia kitu juu ya mtoto wake, funga fomu kwanza. Na kama unafundisha walezi kupima watoto, wafundishe kwamba huruma inaweza kumficha mtoto vizuri kabisa, mpaka hata wanaompenda wasimwone. Sisi tuliogopa kumtenga, na kumbe ile dakika moja ya kuwa peke yake mahali patulivu ndiyo alikuwa anaihitaji.

Semeni mnavyoona. Mkitaka kunilaumu nilaumuni, mimi nishajilaumu sana, hamtaongeza kitu.

Ila kuna ombi moja kwa yeyote humu anayejua lugha ya ishara, au ana ndugu asiyesikia. Neno "samahani" linaonyeshwaje kwa mikono? Niandikie tu hapa chini, mkono unaanzia wapi, unaenda wapi.

Najua Zawadi hajafundishwa ishara yoyote, hatajua maana yake. Ni mama yake anayeniuliza kila nikienda, na kila nikienda sina.